Kichwa cha Jumatatu

Mtu akikuambia kwamba huku Tetu kuna nyumba ya mawe iliyonyooka kuliko yangu, mwambie aje na kamba ya fundi tupime. Niliacha shule darasa la tano, na hata hilo la tano sikulimaliza. Lakini ukitoka Nyeri mjini ukashuka mpaka Sagana, hutakosa jengo lenye mawe yaliyopita mikononi mwangu. Kanisa, duka, ofisi, choo cha soko. Sisemi haya kujisifu. Nayasema kwa sababu ni ya kweli, na kwa sababu nataka ujue kwamba yule aliyekuwa anatambaa kwa tumbo saa nne asubuhi, kuelekea geti lake mwenyewe, hakuwa mtu wa kutambaa.

Nilianza kazi kwenye kwari moja, machimbo ya mawe ya upande wa Gakindu, kabla ndevu hazijanitoka vizuri. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubeba baruti. Zilikuwa vijiti vilivyofungwa kwa karatasi ya nta, laini kama ugali uliopoa, na mafuta yake yalipenya mpaka ndani ya ngozi ya vidole. Jumatatu ukivishika, baada ya kupumzika Jumapili, kichwa kilikuwa kinapasuka. Hayakuwa maumivu ya malaria wala ya pombe. Ilikuwa kama mtu anagonga patasi katikati ya macho yako, na moyo unapiga hodi masikioni. Tulikiita kichwa cha Jumatatu. Ikifika Jumatano umezoea, hukisikii tena. Ukipumzika tena, kinarudi tena.

Wazee wa kazi walikuwa wanatucheka. "Baruti bado haijakukubali," walisema. Mimi ilinikubali haraka kuliko wote. Wakini wangu, yaani mwenzangu wa rika moja, niliyetahiriwa naye mwaka mmoja, alikuwa anakiogopa sana kichwa hicho mpaka akaenda kanisani na karatasi ya baruti imefichwa ndani ya kofia, ili Jumatatu asianze upya. Nilimcheka mwaka mzima. Baadaye aliacha kwari akarudi kwa ng'ombe wake, mimi nikapanda: mchongaji, fundi, msimamizi, mwenye kwari. Yeye bado ni wa ng'ombe. Anaishi ng'ambo ya barabara, na kila asubuhi akitoka kupeleka maziwa anapita mbele ya geti langu.

Geti lenyewe ni la chuma, refu kuliko lori. Nilitaka mtu akipita ajue amepita kwa nani. Lina tundu dogo la kupitisha mkono ufikie kufuli, na ukuta wake una vigae vya chupa juu. Ndani kuna nyumba ya ghorofa mbili, na ndani ya nyumba niko mimi.

Mama watoto alikwenda Nairobi kumshikia binti yetu mtoto alipojifungua. Alisema ni wiki sita. Sasa ni mwaka wa tatu. Hatukugombana, msinielewe vibaya. Nilipomuuliza mara moja tu atarudi lini, alisema, "Baba watoto, hiyo nyumba yako nikikohoa jikoni inanikoholea pia kutoka sebuleni. Hapa angalau kuna mtoto analia." Sikumuuliza tena. Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilimpigia kila Jumapili baada ya kanisa, nikamwambia niko imara, ng'ombe wako imara, nyumba iko imara. Yeye akasema sawa. Kisha kila mmoja akangoja mwenzake akate simu.

Kifua kilianza mwezi wa nne. Nilikuwa nimeshuka mtoni kuangalia pampu, na nikipanda kurudi nikahisi mtu ameniwekea jiwe la msingi hapa, katikati, na uzito wake unateremkia mkono wa kushoto. Nikasimama nikijifanya natazama mlima. Lilipoondoka nikasema ni gesi ya maharagwe. Wiki iliyofuata likarudi, na sikuwa nimekula maharagwe.

Daktari niliyempata mjini ni msichana mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Aliniwekea nyaya za kupima moyo, akatazama karatasi iliyotoka kwenye mashine, akaniuliza kama navuta sigara. Nikamwambia niliacha. Niliacha nini, wapi? Nilikuwa nimeacha asubuhi hiyo.

"Mzee, mishipa inayolisha moyo wako imekuwa nyembamba," akasema. "Ukipanda mlima, moyo unaomba damu, mishipa haifunguki. Hilo jiwe unalosema ni moyo unalia."

"Moyo wangu haujawahi kulia, daktari."

"Basi umeanza. Keti vizuri. Nataka ujaribu hii ukiwa hapa hapa, nikikuona."

Akanipa kitembe cheupe, kidogo kama yai la siafu. Akasema nisikimeze, nikiweke chini ya ulimi. Nikaketi. Kikaanza kuchoma kidogo, kikayeyuka. Sijamaliza hata kuuliza kinafanya nini, kichwa kikanipiga. Katikati ya macho. Patasi. Moyo unabisha masikioni. Na mimi, mtu wa miaka hamsini na saba, nikarudi papo hapo Gakindu, viatu vya mpira, umande, mikono imejaa vijiti vya karatasi ya nta.

"Binti yangu," nikamwambia, "umenipa baruti."

Akaacha kuandika. "Nani alikwambia?"

"Hakuna wa kuniambia. Hii ni kichwa ya Jumatatu. Naijua."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akavuta kiti akanieleza, na nashukuru kwamba alinieleza kama mtu, si kama mgonjwa. Alisema ni kweli, dawa ile ndiyo kitu kile kile kilicho ndani ya baruti, ila ni chembe tu, na haiwezi kulipuka. Ikiingia mwilini inatoa gesi inayoitwa nitriki oksidi. Alinifanya nilitaje jina hilo mara tatu. Gesi hiyo hiyo ikitoka kwa moshi wa gari ni uchafu, lakini mwili unaitengeneza wenyewe, kwenye ngozi ya ndani ya mishipa, kidogo kidogo, mchana na usiku. Kazi yake ni kuuambia mshipa neno moja: legea. Mshipa ukilegea, damu inapita. Mishipa ya kichwa nayo inalegea, ndiyo sababu kichwa kinauma.

"Inaishi sekunde chache tu," akasema. "Inapeleka neno lake kwa jirani, basi, inaisha. Sasa sigara, sukari, unene na umri vinaharibu kiwanda chake. Chako kimechoka, mzee. Ndiyo tunakipa msaada."

"Na hiki kiwanda hakitengenezwi?"

"Kinasaidiwa. Tembea, polepole. Acha sigara kweli, si ile ya leo asubuhi. Na kula mboga za majani. Terere, managu, hata bitiruti. Zina kitu ambacho mdomo na tumbo vinakigeuza kuwa gesi hiyo hiyo."

Nikacheka. Nilimwambia mimi niliacha terere siku niliyoacha umaskini.

Kisha akashusha sauti. "Kuna lingine lazima niulize. Unatumia zile tembe za bluu, za wanaume?"

"Mimi? Daktari, nitazame vizuri."

"Nakutazama. Zile nazo zinapitia gesi hii hii. Ukichanganya na hizi, presha inaanguka ghafla, na unaweza usiamke. Kwa hivyo sijali wewe ni nani, nijibu tu."

Nilisema situmii, na huo haukuwa uongo. Zilikuwepo tatu ndani ya droo, nilizonunua Nanyuki miaka ile kwa sababu ya kusikia sifa zake, na zilikuwa zimelala humo tangu mama watoto aende. Nilipofika nyumbani nilizitupa chooni. Zilizama bila kelele, nikasimama pale muda zaidi ya uliohitajika.

Daktari alinipa tembe zangu ndani ya chupa ndogo ya kioo cha kahawia. Alinionya mara mbili: zikae ndani ya chupa hiyo hiyo, kifuniko kikazwe, mbali na joto. Kifua kikibana, keti, weka moja chini ya ulimi. Dakika tano zikipita bila nafuu, tafuta watu, njoo hospitali. "Na mwambie mtu nyumbani," akasema. Nikamwambia nyumbani kumejaa watu.

Chupa ile ilinitesa kuliko kifua. Kila ninapotembea inagongana na funguo mfukoni, na kila mtu wa huku anaijua chupa ya dawa akiiona. Mimi ndiye mwenyekiti wa mradi wa maji. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya wafanyakazi wangu nikawaonyesha, kwa umri huu, jinsi ya kuinua jiwe. Wangesema mawe yamemshinda. Kwa hivyo nikatoa mkebe wa ugoro wa marehemu baba, wa bati, wenye kifuniko cha kusukuma kwa kidole gumba, nikaupangusa, nikamimina tembe zote humo. Chupa nikaitupa. Kifua kikinibana mbele za watu, natoa mkebe, najigeuza kidogo, naweka kitu mdomoni. Watu wakadhani nimeanza ugoro. Kanisani wakanong'ona, na mchungaji akahubiri juu ya tumbaku akinitazama. Nikaona afadhali waniite mwenye dhambi kuliko waniite mgonjwa.

Nilikuwa nimesahau kitu kimoja tu. Mtu wa rika lako hanyimwi ugoro. Huku kwetu unaweza kumnyima wakini wako shamba, unaweza kumnyima hata kura, lakini akinyoosha kiganja mbele ya mkebe wako unampa, hata kama ni wa mwisho. Na wakini wangu wa ng'ombe hakuchukua hata siku tatu.

"Nasikia umeingia chama," akasema getini, kiganja tayari. "Nipigie kidogo."

"Imeisha."

"Imeisha na mfuko umevimba hivyo?"

"Ni kali. Utapiga chafya uue ng'ombe."

Alicheka, lakini kiganja alikirudisha polepole. Aliponiomba mara ya pili nikasema tena imeisha. Mara ya tatu hakuomba. Kuanzia hapo nikawa nafunga geti kwa kufuli hata mchana. Mama anayenikamulia ng'ombe akishaondoka saa tatu, nafunga. Wakini akipita na mitungi yake anagonga chuma kwa fimbo: "Wakini! Uko?" Nami najibu kutoka ndani, kwa sauti ya mwenye kwari, "Niko! Niko na kazi!" Anasema "Haya, fanya," anaenda. Kazi yenyewe mara nyingi ilikuwa kukaa kwenye ngazi nikitazama geti.

Basi. Wiki zikapita, na jambo likatokea ambalo nilijivunia moyoni kwa sababu sikuwa na wa kumwambia: kichwa kilikoma. Nikiweka tembe chini ya ulimi, haichomi, kichwa hakiumi. Mtu aliyesoma angejiuliza. Mimi sikujiuliza, kwa sababu nilikuwa na elimu yangu ya kwari, na kwari ilinifundisha kwamba kichwa kikiisha, baruti imekukubali. Nikasema, ndiyo mimi huyu, hata dawa ya moyo nimeishinda. Kwamba kifua kilichukua muda mrefu zaidi kuachia, hilo sikulihesabu. Nilikaa chini, nikapumzika, kikaachia chenyewe, na mimi nikausifu mkebe.

Ilikuwa Jumatatu, hilo si la kutunga. Mvua ilikuwa imelegeza jiwe moja la ngazi ya mbele, nami sikutaka fundi mwingine alishike. Nililisimamisha kwa mtaimbo, nikainama kulivuta, na lile jiwe la ndani ya kifua likashuka lote kwa pamoja. Jasho baridi. Taya. Mkono. Niliketi kama nilivyofundishwa. Nikatoa mkebe, nikaweka moja. Hakikuchoma kitu. Nikangoja kichwa. Sijawahi kungoja maumivu kama nilivyoyangoja siku ile. Nikaweka ya pili, ilikuwa kama kulamba chaki ya darasa la tano.

Simu ilikuwa chumbani, ghorofa ya juu. Gari lilikuwa gerejini. Wafanyakazi walikuwa kwari. Nilipaza sauti mara moja, "Ee!" na nyumba yangu ikanijibu "Ee" kutoka sebuleni, vizuri kabisa, kama mama watoto alivyosema.

Ndipo fimbo ikagonga chuma.

"Wakini! Uko?"

Nitasema ukweli, maana nimeandika haya ili niuseme. Jibu lililokuja mdomoni lilikuwa lile la kila siku. Niko, niko na kazi. Lilikuwa tayari kwenye ulimi, pamoja na unga wa tembe. Kulisema ilikuwa rahisi kuliko kusema lingine lolote, na angeenda zake.

"Niko," nikasema. Basi.

Mitungi ikawekwa chini.

"Leo hauna kazi?"

"Sina."

"Wakini, hiyo si sauti yako. Fungua."

Kutoka ngazi mpaka geti ni hatua thelathini, nilizipima mwenyewe wakati wa kumwaga kokoto. Nilitambaa hatua thelathini juu ya kokoto niliyoichagua kwa ukali wake, ili magari yasiteleze. Yeye alikuwa ameingiza mkono wake wote kwenye lile tundu dogo, kiganja wazi, kile kile nilichokinyima mara mbili, na alikuwa anasema bila kukoma, "Lete ufunguo. Lete tu. Lete pole pole. Nani alikutuma ujenge geti kama ya jela? Lete." Nikauweka ufunguo kiganjani mwake.

Alipoingia aliniona na mkebe mkononi, akaunyakua. "Unakufa na bado unashika ugoro!" Ukafunguka. Akatazama ndani muda mrefu.

"Hii ni nini?"

"Dawa ya moyo."

"Hii ndiyo ulikuwa unaninyima?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akafunga mkebe, akautia mfukoni mwake, akatoka katikati ya barabara na kusimamisha pikapu ya maziwa kwa fimbo kama anasimamisha fahali. Mimi mwenye gari la milango minne nilifika hospitalini nimelala katikati ya mitungi, kichwa changu juu ya mapaja ya mtu anayenuka ng'ombe, na njia nzima alikuwa ananitukana, na kila akinyamaza nilikuwa naogopa.

Pale walinipa tembe mpya kutoka chupa ya kahawia. Ikachoma. Kisha kichwa kikaja, chote, na patasi yake, na nikalia kwa furaha ya kuumwa. Muuguzi akafikiri nimechanganyikiwa. Wakini alikuwa mlangoni na kofia mkononi. "Muache," akamwambia. "Ni Jumatatu."

Daktari wangu alikuja, akaumimina mkebe kwenye karatasi. Alisema dawa hii inaruka kama mafuta ya taa yaliyoachwa wazi. Nje ya kioo chake, ndani ya bati, karibu na joto la mwili, inakwenda zake, linabaki umbo. Nilikuwa nimebeba maumbo. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na wale watu waliojaa nyumbani?"

Mama watoto alifika jioni hiyo, na mwanasesere wa mjukuu amesahaulika ndani ya mkoba wake. Alikaa kando ya kitanda, akauliza, "Ulijua lini?"

"Mwezi wa nne."

Akahesabu kichwani, nikamwona akihesabu. "Na ulinipigia kila Jumapili," akasema. Alikaa wiki mbili, akanipikia, akanitembeza mpaka mtoni na kurudi, kisha akarudi Nairobi, kwa sababu mtoto analia na binti anafanya kazi. Sikumbembeleza. Lakini nilimsindikiza mpaka barabarani, na zamani nilikuwa namwachia getini.

Siku hizi kufuli imening'inia tu. Mbuzi wa watu wanaingia kula maua yangu. Wakini naye anaingia, anaweka mitungi kwenye ngazi, haombi ugoro, anasema, "Onyesha." Natoa chupa, naitikisa aisikie, anakunywa chai yake. Akikuta sahani ya terere anafurahi kupita kiasi: "Ona tajiri, amerudi malishoni." Saa tano anaondoka, na kutoka saa tano mpaka giza ni mimi na mawe yangu, na ni siku ndefu, hata kwa mtu aliyezoea kazi. Naifikiria ile gesi. Sekunde chache, neno moja kwa jirani.

Jumapili iliyopita nilipopiga simu, sikuanza na ng'ombe.

"Leo kilibana," nikamwambia mama watoto. "Nikipanda kutoka mtoni. Niliketi, nikaweka moja. Kichwa kiliuma sana."

Nikasikia mjukuu akiongea na mtu, na sufuria ikifunikwa. Nilidhani anangoja nikate.

"Geti iko wazi?" akauliza.

"Iko wazi," nikasema, na hakukata.